Mwana Atakaye Uuguzi: Yampasayo Kabla ya Mtihani wa Taifa

Katika lain za polisi za Naguru na Nsambya, na katika kambi za jeshi za Mbuya, Makindye na Bombo, majira ya kutangazwa kwa matokeo ya kidato cha nne huwa na mazungumzo yake. Kwenye bomba la maji akina mama huulizana habari za wana wao. Huyu amefaulu vizuri baiolojia, yule ameteleza katika hesabu. Baba, ambaye huenda ni koplo mwenye watoto sita na mshahara mmoja, huketi jioni akipiga hesabu ya ada. Na mara nyingi, hasa ikiwa mtoto ni binti mwenye bidii na moyo wa huruma, neno linalotajwa nyumbani ni moja tu: uuguzi.

Si chaguo baya hata kidogo. Uuguzi ni kazi ya heshima, na nyumba yenye muuguzi haikosi msaada usiku wa homa. Lakini njia ya kuufikia ina mlango mmoja mwembamba, nao ni mtihani wa taifa ambao kila mwanafunzi wa uuguzi au ukunga nchini Uganda sharti aufanye amalizapo mafunzo ya cheti au ya stashahada. Asiyeupita mlango huo hawezi kuandikishwa katika daftari la wauguzi, na asiyeandikishwa hana ruhusa ya kisheria ya kumtibu mtu, hata awe amevaa sare nyeupe kwa miaka mitatu.

Watu wengi hudhani kwamba kinachomzuia mwanafunzi ni ugumu wa maswali. Maswali ni magumu, ndiyo. Lakini lipo jambo la kusikitisha zaidi ya kushindwa mtihani, nalo ni kutoruhusiwa kuufanya. Mwanafunzi amesoma, amekesha wodini, ada imelipwa kwa taabu. Kisha majuma machache kabla ya mtihani anaambiwa kwamba jina lake halimo. Sababu zaweza kuwa nyingi: shule haikuwa na kibali, au ilikuwa na kibali cha kufundisha kozi nyingine wala si ile aliyoisoma, au mwanafunzi hakupelekwa kuandikishwa alipoingia mwaka wa kwanza, au hati zake za sekondari zina kasoro, au kazi zake za wodini hazikutimia. Karibu kila moja ya sababu hizo ingaliweza kugunduliwa mapema, wakati ambapo bado kulikuwa na nafasi ya kuirekebisha, lau mtu wa nyumbani angaliuliza.

Na mtu huyo wa nyumbani, katika jamaa za askari, aghalabu ni mama. Baba huenda yuko Karamoja, au Somalia, au amepewa uhamisho wa ghafla. Barua na simu hufika, lakini simu haiwezi kukagua hati. Kwa hiyo yafaa mama ayafahamu mambo haya kinaganaga, kama anavyofahamu bei ya maharage na unga.

MAFUNZO YALIYOZALIWA VILIMANI

Kampala ni mji wa vilima, na kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja karibu kila kilima mashuhuri kimekuwa na hospitali yake na shule yake ya wauguzi. Albert Cook, daktari wa misheni ya Kanisa la Uingereza, alifika Mengo mwaka 1897, na katika msafara wake alikuwamo muuguzi aitwaye Katharine Timpson, ambaye mwaka 1900 aliolewa na daktari huyo. Katika Rubaga kazi ya uganga ya Wakatoliki ilianza mwaka 1899. Mwaka 1903 alifika Nsambya mtawa wa Ireland, Teresa Kearney kwa jina la kuzaliwa, ambaye watu walimjua kwa jina la Mama Kevina. Zahanati yake ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Mulago ilianza mwaka 1913 ikiwa mahali pa kutibu maradhi ya zinaa, na jengo kubwa linalofahamika leo lilifunguliwa mwaka 1962, ule mwaka wa uhuru. Kibuli, kilima cha Waislamu, nacho kina hospitali na shule yake.

Wasomaji walio askari watapenda kujua kwamba historia hiyo inagusana na yao. Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki yalitegemea wapagazi, watu waliobeba vyakula na risasi vichwani kwa mamia ya maili. Waliouawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kupita waliouawa na risasi. Hospitali ya Nsambya iliwapokea wapagazi wagonjwa na majeruhi, na kwa huduma hiyo Mama Kevina alitunukiwa nishani na serikali ya Uingereza mwaka 1918. Hapo palionekana wazi kwamba jeshi lisilo na wauguzi hodari hupoteza watu bila ya adui kufyatua hata risasi moja.

Vita vilipokuwa vikimalizika, Cook na mkewe walianzisha huko Mengo shule ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati ule. Wasichana wa kwanza hawakufundishwa kwa vitabu vya Kiingereza pekee, kwani daktari huyo aliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, lugha ambayo mkunga angeitumia kitandani mwa mzazi. Jambo hilo lastahili kukumbukwa leo, ambapo mtihani ni wa Kiingereza ilhali mgonjwa hulia kwa Kiganda, Kiacholi, Kinyankole au Kiswahili. Mwana aliyekulia kambini, aliyezoea kusikia lugha nne kabla ya chakula cha mchana, ana mtaji ambao hauandikwi katika hati yoyote.

Nsambya nayo ilianza kufundisha wakunga katika miaka hiyo hiyo. Tangu wakati huo shule zimeongezeka sana. Serikali ina zake, mathalani Mulago, Jinja, Soroti, Lira, Masaka na Kabale, pamoja na ile ya Butabika inayofundisha uuguzi wa wagonjwa wa akili. Madhehebu ya dini yana zake. Na katika miaka ya karibuni watu binafsi nao wamefungua nyingi, nyingine nzuri, nyingine zisizozidi ubao mkubwa wa tangazo barabarani na vyumba viwili vya kupanga.

NANI HUAMUA NINI

Mzazi hupotea kwa sababu ofisi zinazohusika ni zaidi ya moja, na kila moja ina kazi yake. Zamani shule za wauguzi zilikuwa chini ya Wizara ya Afya. Mwaka 1998 zilihamishiwa Wizara ya Elimu. Ndiyo wizara inayotoa kibali cha kufungua shule na kuisajili. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1996, ndilo mlinzi wa taaluma yenyewe: lina daftari la majina, hutoa leseni, na lina uwezo wa kumwondoa katika daftari yule aliyeiaibisha kazi. Mtihani nao una bodi yake. Kwa miaka mingi ilikuwa Bodi ya Mitihani ya Wauguzi na Wakunga, lakini kwa sheria mpya ya elimu ya ufundi ya mwaka 2025 kazi hiyo iliunganishwa na ya fani nyingine za afya chini ya bodi moja ya tathmini.

Katika nchi jirani ya Kenya mpango ni tofauti, kwani huko Baraza la Wauguzi lenyewe ndilo linalotahini watu kabla ya kuwapa leseni. Hapa Uganda anayetahini ni mmoja na anayetoa leseni ni mwingine. Kwa hiyo mwanafunzi asifikiri kwamba akishapata matokeo mazuri safari imekwisha. Amevuka mto mmoja, na wa pili uko mbele.

Ipo desturi ya Kampala ambayo inafanya ulinzi huu uwe wa lazima zaidi. Mjini hapa kila avaaye nguo nyeupe huitwa "musawo". Daktari ni musawo, muuguzi ni musawo, mkunga ni musawo, na yule kijana anayeuza vidonge katika kibanda cha Katwe naye ni musawo. Mgonjwa hatofautishi, wala haulizi. Ni adabu nzuri kumheshimu mganga, lakini sindano haijui adabu. Daftari la Baraza ndilo pekee linalojua tofauti iliyopo kati ya musawo na musawo.

MLANGO WA KWANZA NI SEKONDARI

Anayetaka kuanza na cheti cha uuguzi au cha ukunga hutakiwa awe amefaulu katika kidato cha nne, na masomo yanayotazamwa ni Kiingereza, hesabu, baiolojia, kemia na fizikia. Mafunzo huchukua miaka miwili na nusu. Anayeingia moja kwa moja katika stashahada hutakiwa awe amemaliza kidato cha sita na kufaulu baiolojia na kemia, naye husoma miaka mitatu. Kuna pia njia ya wale waliokwisha kupata cheti na kufanya kazi kwa muda. Hao hurudi shuleni kwa mwaka mmoja na nusu na kupata stashahada. Wapo askari wauguzi waliopanda kwa njia hiyo, wakisoma huku wakitumikia. Shahada ya uuguzi ilianza kufundishwa Makerere mwaka 1993, na wahitimu wake hutumikia mwaka mzima hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kukubaliwa kikamilifu.

Fizikia huwashangaza wazazi. Muuguzi na fizikia wapi na wapi? Lakini chupa ya maji inayoning'inia juu ya kitanda hushuka kwa uzito, mtungi wa oksijeni una kipimo cha mgandamizo, na dawa ya mtoto hupimwa kwa uzani wa mwili wake. Aliyeikimbia hesabu darasani ataikuta wodini, na huko kosa la nukta moja huzidisha dawa mara kumi.

Hati ya kidato cha nne huchunguzwa. Jina lililo katika hati lazima lilingane na jina analotumia mwanafunzi shuleni. Hapa jamaa nyingi hujikwaa bila ya kuwa na hila yoyote. Mtoto alibatizwa kwa jina moja, akaandikishwa shule ya msingi kwa jina la babu, kisha baba alipohamishwa kutoka Gulu kwenda Mbarara mwalimu mpya akaandika herufi tofauti. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejali. Siku ya kuandikishwa kwa mtihani, herufi hiyo moja huwa ukuta. Yafaa kasoro za namna hii zisahihishwe kwa kiapo na hati halali kabla mtoto hajaingia chuoni, wakati ambapo siku bado ni nyingi.

Mwenye hati ya kughushi naye hugunduliwa, kwani matokeo yote ya sekondari yamo katika vitabu vya Baraza la Mitihani la Taifa na yanaweza kulinganishwa. Mzazi anayenunua alama ili mwanawe apate nafasi huwa amenunua balaa la kulipwa kwa awamu.

NAMBA KABLA YA SARE

Mwanafunzi wa uuguzi aliyeingia shule halali huandikishwa kitaifa na kupewa namba yake ya utambulisho. Namba hiyo huonyesha ni lini aliingia, ni shule gani, na ni kozi gani anayosoma. Ndiyo inayomfuata mpaka chumba cha mtihani. Kwa askari jambo hili halihitaji maelezo marefu: asiye na namba ya jeshi, hata akijua gwaride lote, si askari.

Shule yenye utaratibu huikamilisha kazi hii mapema katika mwaka wa kwanza. Shule mbovu huichelewesha, kwa sababu imepokea wanafunzi wengi kupita idadi iliyoruhusiwa, au kwa sababu haina kibali, na kwa kila mzazi anayeuliza ina jibu moja la upole: "Inashughulikiwa." Neno hilo lisipokewe kwa muhula wa pili. Mama anayo haki ya kuomba aonyeshwe barua ya usajili wa shule, na kusoma ndani yake ni kozi zipi zilizoruhusiwa. Shule iliyoruhusiwa kufundisha ukunga haikupewa kwa hiyo ruhusa ya kufundisha uuguzi. Anayo pia haki ya kwenda katika ofisi za serikali zinazohusika, zilizomo humu humu Kampala, na kuuliza kama shule hiyo inajulikana. Nauli ya siku hiyo, hata kama ni ya kutoka Bombo, ni ndogo sana ikilinganishwa na ada ya miaka miwili na nusu.

Swali jingine ambalo wazazi husahau ni hili: wanafunzi wa shule hii hufanyia mazoezi hospitali gani? Shule ya uuguzi isiyo na hospitali ni kama shule ya udereva isiyo na gari. Shule nyingi zisizo na hospitali zao huwa na mapatano na hospitali nyingine. Hilo si kosa, madhali mapatano yapo kweli na wodi ina nafasi. Lakini hospitali moja ikipokea wanafunzi wa shule nyingi kwa wakati mmoja, wanafunzi kumi huzunguka kitanda kimoja. Aliye mbele hujifunza, wa pili huona, na waliobaki husikia tu.

KITABU CHA WODINI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kila mwanafunzi ana kitabu ambacho ndani yake zimeandikwa kazi anazopaswa kuzijua: kupima joto na mapigo ya moyo, kutandika kitanda chenye mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kufunga kidonda, kuchoma sindano, kuweka mpira wa mkojo, kumwogesha mgonjwa mahututi, kumpokea mtoto anayezaliwa. Kila afanyapo kazi hiyo mbele ya msimamizi, msimamizi hutia sahihi na tarehe. Kwa wakunga kuna pia taarifa za wazazi waliowahudumia, tangu uchungu ulipoanza hadi mama na mtoto walipotoka wodini. Wa stashahada huandika na utafiti mdogo. Alama za kazi hizi na za majaribio ya shuleni hukusanywa, na mwanafunzi ambaye hesabu yake haikutimia hana haki ya kukaa katika chumba cha mtihani.

Sharti hili ni la kale. Uingereza ilipotunga sheria ya wakunga mwaka 1902, kanuni zilizofuata zilimtaka mwanafunzi awe amehudhuria uzazi wa wanawake 20 chini ya uangalizi kabla ya kutahiniwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya siku hizi mkunga mwanafunzi hutakiwa awe amezalisha mwenyewe wanawake 40, na pale ambapo wazazi ni wachache hawezi kushuka chini ya 30, tena ahudhurie uzazi mwingine 20 akiwa msaidizi. Huko Ulaya shida ni uchache wa uzazi. Kampala haina shida hiyo. Wodi za wazazi za Mulago na Kawempe hazijui usiku mtulivu. Shida ya hapa ni uchache wa wasimamizi. Muuguzi mmoja wa zamu ana wodi nzima, na wanafunzi wanamfuata na vitabu vyao vilivyofunguliwa kama wadai.

Ndipo hujitokeza kishawishi kikubwa katika mafunzo haya yote, yaani sahihi tupu. Mwisho wa muhula unakaribia, kurasa bado ni nyeupe, msimamizi amechoka, mwanafunzi ni mpole na mnyenyekevu. Kalamu inapita, sahihi kumi zinatiwa kwa kazi ambazo hazikufanywa. Wote wawili huona wamesaidiana. Aliyeumizwa hayupo hapo. Ni mgonjwa wa miaka miwili ijayo, ambaye pengine ni mke wa askari aliyeletwa kwa pikipiki saa nane za usiku, anatokwa na damu baada ya kuzaa, na aliye mbele yake ana ukurasa uliotiwa sahihi lakini mikono isiyojua la kufanya.

Askari wataelewa. Hakuna ofisa wa akili timamu atakayeandika kwamba kuruta amefaulu shabaha ilhali hakupelekwa uwanjani.

Tena wodi humfundisha mwanafunzi kujilinda mwenyewe. Mwezi wa Oktoba mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola uliingia Gulu, na miongoni mwa waliofariki mwanzoni katika Hospitali ya Lacor walikuwa wanafunzi wa uuguzi. Vifo hivyo vya vijana vilikuwa dalili iliyomzindua Daktari Matthew Lukwiya, akaenda kuchunguza na kutambua kwamba huo haukuwa ugonjwa wa kawaida. Yeye mwenyewe aliambukizwa na kufariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Ugonjwa ulipokwisha ulikuwa umeua watu 224, na wauguzi walikuwa katika hesabu. Mwaka 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilizuka tena, ikafika Kampala. Na mwezi wa Januari mwaka 2025 aliyekuwa wa kwanza kutambuliwa katika mlipuko mwingine wa aina hiyo hiyo alikuwa muuguzi wa kiume wa Mulago, mwenye umri wa miaka 32, ambaye alifariki.

Kuvaa glavu, kuvua glavu bila kugusa upande wenye uchafu, kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake: mambo haya huonekana madogo, hata ya kuchosha, na mwanafunzi mwenye haraka huyaruka. Yamewekwa katika kitabu kwa sababu watu wamekufa. Mzazi anayemsikia mwanawe akinung'unika kwamba sista amemrudisha mara tatu kwenye beseni la maji asimhurumie upesi.

Na lipo jambo dogo ambalo mama, hata kama hakusoma sana, anaweza kulifanya. Mtoto ajapo likizo, amwombe kile kitabu. Hahitaji kujua maana ya kila neno. Atazame tu kurasa: zipi zina sahihi, zipi ni tupu, na kama sahihi zote zimetiwa kwa kalamu moja na siku moja. Kisha amwulize mwanawe, kwa upole wala si kwa kesi, amsimulie habari ya kazi moja tu aliyoifanya. Aliyefanya hueleza mpaka jina la mgonjwa limemponyoka. Asiyefanya hutazama chini.

MAJUMA YA MWISHO

Mitihani hufanyika mara mbili kwa mwaka, na uandikishaji wa watahiniwa hufungwa mapema kabla ya siku yenyewe. Ada ya mtihani huwa mbali na ada ya masomo, na jamaa nyingi hushtuka kwa kuwa hazikuiweka akiba. Mwenye akili huitenga tangu mwaka wa kwanza, hata kama ni kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Fedha ikilipwa kwa shule, stakabadhi idaiwe hapo hapo na ihifadhiwe. Imetokea shule ikapokea fedha na isiifikishe panapotakiwa, na mwanafunzi asiye na karatasi hana la kusema. Sanduku la bati lililo chini ya kitanda, ambalo lina hati za ndoa na za kuzaliwa, liwe na bahasha moja zaidi: barua ya kukubaliwa chuoni, nakala ya hati ya kidato cha nne, namba ya mwanafunzi, na stakabadhi zote kwa mpango wa tarehe.

Majina ya walioandikishwa yakitoka, mwanafunzi na asome lake herufi kwa herufi, na pia jina la kozi. Kosa likionekana siku hiyo hurekebishwa kwa barua. Likionekana mlangoni mwa chumba cha mtihani, hugharimu miezi sita.

Mtihani wenyewe ni wa aina mbili. Kuna wa kuandika, na kuna wa vitendo, ambamo mtahiniwa husimama mbele ya watahini na kufanya kazi iliyotajwa kwa muda uliopimwa. Wale wenye sahihi tupu hukutana hapo na siku yao. Anayeshindwa sehemu moja ana njia ya kurudia, kwa hiyo nyumbani pasifanywe matanga. Ametelezea uwanjani, wala hakufungiwa mlango. Wengi waliorudia ni wauguzi wazuri leo.

Matokeo yakitoka, safari inayobaki ni ya kwenda kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga, kuandikishwa katika daftari na kuomba leseni ya kufanya kazi, ambayo nayo hufanywa upya kila muda wake uishapo. Huko hati huombwa tena, zile zile za tangu mwanzo: za sekondari, za chuo, za mtihani. Mama hulivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akaitoa bahasha, na binti huondoka nayo asubuhi kwa teksi ya kwanza ya kuingia mjini.